Karao Anasikia Ekzosi Ikinguruma, Lakini Kinachoua Ndani ya Kombi Hakina Sauti

Leo tupige stori ya zile ndai za kitambo, Kombi za Volkswagen na HiAce za kizee, ambazo wasee wanageuza kuwa keja za magurudumu. Unatoa viti, unaweka godoro, pazia, jiko la gesi na taa za rangi, halafu wikendi ikifika mnaelekea Mlima Elgon kupitia Endebess. Manze, hiyo fomu ni safi.

Shida inaanzia kwa fundi. Kabla rangi haijakauka, kuna mtu ataangalia chini ya gari akuambie: "Buda, kata hiyo sailensa. Nikuwekee bomba moja kwa moja, litokee hapa kando. Itanguruma mpaka watu wageuke." Na wewe unatoa chapaa.

Tulia kiasi. Hii maneno si ya kelele pekee.

Kwa nini tunaongea saa hii?

Mwaka wa 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilianika rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari. Ndani yake, hata gari la kibinafsi likizidisha miaka 4 tangu liundwe linatakiwa kupita ukaguzi. Tangu hapo mjadala mtaani umekuwa mmoja: serikali inatafuta doo.

Kelele nayo ina sheria zake. Kanuni za trafiki kitambo zinataka kila gari la injini liwe na sailensa, na tangu 2009 kuna kanuni za NEMA za kudhibiti kelele. Kwa hivyo ukipita Kanduyi ukinguruma saa nane usiku, karao akikusimamisha usiseme umeonewa.

Lakini cheki hapa. Karao anasikiliza sauti. Mashine ya kupima moshi nayo huingizwa kwa mdomo wa bomba, kule nyuma. Hakuna anayepima hewa ya pale unapolaza kichwa. Hiyo kazi imeachiwa wewe.

Ngurumo si nguvu

Kombi ya injini ya 1600 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 50 hivi. Kukata sailensa hakutaigeuza Subaru. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi unapoteza kasi ndani yake na injini inakuwa nzito ukiwa mwendo wa chini, pale pale unapohitaji nguvu ya kupanda mlima. Unapata sauti ya simba na miguu ya kobe.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliwazi: urefu kutoka baharini. Bungoma iko kama mita 1,400 juu. Kitale iko karibu mita 1,900. Ukiendelea hadi msitu wa Elgon unapanda zaidi, na hewa inazidi kuwa nyepesi. Gari la kabureta lililopangwa Bungoma likifika huko linaendelea kumimina petroli ile ile kwa hewa iliyopungua. Petroli haichomeki yote. Plagi zinakuwa nyeusi, na ekzosi inatoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko ilivyokuwa ikitoa nyumbani.

Hii gesi haina rangi, haina harufu, haina sauti. Ikiingia kwa damu inashikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Yaani inafanana kabisa na hangova. Mbogi yote ikiamka na kichwa baada ya usiku wa Elgon, nani atashuku bomba?

Inaingiaje ndani?

Kwa Kombi injini iko nyuma, na mara nyingi kitanda kiko juu yake. Isitoshe, heta ya Kombi ya kitambo haitumii maji. Hewa inapitishwa kwa koti la bati linalozunguka mabomba ya ekzosi, inapata joto, halafu inaletwa kwako ndani. Hilo bomba likioza kutu na kutoboka ndani ya koti, heta inakuletea moshi moja kwa moja.

Ongeza sasa bomba jipya linaloishia kando, chini ya dirisha, na kuchomelea kwa haraka kulikoacha vitundu. Ongeza mlango wa nyuma uliofunguliwa mkitembea ili picha zitoke poa. Gari likienda, hewa ya nyuma inavutwa kurudi ndani, na moshi unaifuata.

Kwa HiAce kuna mchezo mwingine. Nyingi za petroli zilikuja kutoka Japani na katalisti, ile kopo kwenye bomba inayogeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kali. Kwa hivyo msee akikuambia "hii inaziba gari, niachie nikutolee bure", jiulize nani anapata faida. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na hiyo risasi ndiyo ilikuwa inaharibu katalisti. Leo mafuta ni safi zaidi, lakini sisi tunang'oa chombo chenyewe.

Sasa tufanye nini?

Hakuna anayesema usirekebishe ekzosi. Ya zamani inaoza, lazima ibadilishwe. Ila badilisha kwa akili:

- Bomba liishie nje kabisa ya bodi, nyuma. Lisiishie chini ya gari wala chini ya dirisha.
- Injini ikiwa baridi, iwashe, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote vya bomba. Povu likivimba, hapo panavuja.
- Raba inayozunguka chumba cha injini iwe nzima. Kila tundu la waya sakafuni lizibwe.
- Ukihamia Kitale kutoka Bungoma, pangia kabureta huko huko.
- Usilale injini ikiwaka, hata kama ni kuchaji simu au kukimbia baridi. Na jiko la makaa lisiingie ndani, limeshaua wengi manyumbani.
- Nunua kengele ya kugundua kaboni monoksaidi. Ni kidude kidogo, kinakaa karibu na mto.
- Watu wawili wakiumwa kichwa pamoja ndani ya gari, zimeni injini, tokeni nje, mtafute hospitali.

Rasimu ya wizara ina maswali yake, hasa ya gharama kwa msee wa kawaida, na ni haki yetu kuyauliza. Lakini tusijidanganye kwamba vita ni kati yetu na karao. Ekzosi iliundwa ili ibebe sumu iipeleke mbali na watu walio ndani. Ukiikata ili wa nje wakusikie, hakikisha wa ndani wataamka.

Saa hii ndai yako imepaki hapo nje, si ndiyo? Enda uiname, uangalie: bomba lako linaishia wapi?