Nyasi Zangu na Ndama wa Jirani

Mpenzi msomaji, je, umewahi kumiliki nyasi? Sikuulizi kama umewahi kuziona. Sisi tuliozaliwa na kulelewa jijini Nairobi tumeziona sana pale Uhuru Park na Jeevanjee. Ninauliza kama umewahi kuamka asubuhi ukakuta nyasi ni zako, na zinakungoja wewe.

Mimi nilizaliwa Mukuru kwa Reuben, kati ya viwanda vya Industrial Area na Mto Ngong. Wenyeji wa huko wanajua chumba chetu kilivyokuwa: futi kumi kwa kumi, mabati juu, mabati ubavuni. Ukifungua mlango unakutana na mtaro, na ukiruka mtaro umefika mlangoni pa jirani. Kijani tulichokijua ni sukuma wiki iliyopandwa kwenye magunia.

Basi baada ya miaka mingi ya kuweka akiba katika chama, mimi na mama watoto tulijenga kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 kule Kitengela. Niliapa kwamba mbele ya nyumba yangu hapatamwagwa kokoto. Patakuwa na nyasi kama za wakubwa wa Karen na Muthaiga.

Msomaji, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilinunua magunia kadhaa ya nyasi kutoka kwa kijana mmoja kando ya barabara, nikazitandaza juu ya ardhi kama mkeka, nikanyunyiza maji, kisha nikaingia ndani kunywa chai. Baada ya wiki mbili zilikuwa na rangi ya chai hiyo. Mzee mmoja anayetunza bustani za watu alipopita, alisimama langoni akatikisa kichwa. "Kijana," akaniuliza, "hizi ulizipanda au ulizianika?"

Ndiye aliyenifunza. Udongo wa Kitengela ni mweusi na mzito. Mvua ikinyesha unanata kwenye viatu, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Lazima ulimwe, uvunjwevunjwe, ulainishwe kwa samadi iliyooza vizuri. Ndago ing'olewe na vile vijiazi vyake vya chini, kwa maana ukikata majani tu utaiona tena. Ndipo vipande vya nyasi vyenye mizizi vipandwe kwa mistari, mvua ya Machi au ya Oktoba inapoanza, ili Mungu akusaidie kumwagilia.

Nyasi zenyewe ni zile zinazoitwa nyasi za Kikuyu. Kwao ni kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, penye baridi na mvua. Jina hilo wamelibeba hadi Afrika Kusini, Australia na California, ambako hupandwa viwanjani na malishoni. Hutambaa kwa mashina juu na chini ya ardhi, na zikishika hazitoki kwa urahisi. Lakini kwetu Kitengela kuna ukame, kwa hiyo bila maji hukauka. Nami maji yangu huja kwa lori.

Nilinunua slasha, na siku ya kwanza nilijikata kiatu. Baadaye nikapata mashine kuukuu ya kusukuma kwa mkono. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding mnamo 1830, na baada ya kuisukuma nusu saa nilitamani kujua alikuwa na ugomvi gani na wanadamu. Hata hivyo mwaka uliofuata nyasi zilifunga. Watoto wangu walibingirika humo bila kuogopa vioo wala misumari. Nilisimama mlangoni nikajiona nimefika.

Ndipo ukaja ukame wa 2022, msimu baada ya msimu bila mvua. Kajiado mifugo ilikufa, na mizoga ikalala kando ya barabara. Mimi nilikuwa bado namwagilia. Jioni moja jirani yangu Mmasai alisimama langoni na ndama aliyekuwa mifupa mitupu. Hakuomba pesa. Aliniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, hizi nyasi unazikata kila wiki. Ukishazikata, nani anazila?"

Nilikosa la kujibu. Mama yangu, ambaye amekataa katakata kuhama Mukuru, alikuwa amekuja kututembelea. Alikuwa ameketi kibarazani akitazama mpira wa maji ukimwaga. "Mwanangu," akasema, "kwetu maji haya tunayanunua kwa mtungi. Wewe unayanywesha majani, na kiumbe kinakufa langoni?"

Nilifunga bomba, nikafungua lango. Ndama alikula upande mmoja wa ua kwa siku nyingi, na mabaki ya kukata yakawa yake. Sehemu ya nyuma tuliigeuza kuwa shamba la sukuma wiki, kunde na vitunguu, chini ya usimamizi wa Mama. Mbele nilibakiza kipande kidogo cha kuchezea watoto, na sasa hukimwagilia maji tuliyofulia na kusuuzia nguo. Ndama yule alipona. Leo ni ng'ombe, na maziwa hufika kwangu bila kuulizwa.

Kwa wewe unayejenga mara ya kwanza, nakupa machache niliyojifunza kwa gharama. Panda kipande unachoweza kukitunza, si ploti nzima. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani kwa mara moja, na wakati wa kiangazi yaache marefu kidogo yakinge udongo. Mwagilia alfajiri au jioni, maji mengi mara chache, ili mizizi iende chini kuyafuata. Na kabla hujaweka dawa yoyote ya magugu, mfikirie mtoto atakayecheza hapo, na ng'ombe atakayekula.

Nilitaka nyasi ili majirani wajue nimetoka Mukuru. Siku hizi Mama akija huvua viatu, akanyoosha miguu juu ya kile kipande changu, na akasinzia. Hakuna anayemwambia ainuke. Hilo linanitosha.

Hadi Jumapili ijayo, kaa salama.