Jiko la Kuni Nalo ni Sehemu ya Shamba



Katika ofisi za kilimo mambo mengi ya shamba lako huandikwa. Zaandikwa ekari za miwa, magunia ya mbolea, ng'ombe waliochanjwa na wasiochanjwa. Lakini katika karatasi zote zipitazo mezani pangu sijaona hata moja iulizayo: kuni za nyumba hii zatoka wapi, na zaungua namna gani? Mimi ni karani tu, si Bwana Shamba, wala si fundi wa majiko. Hata hivyo nasema wazi kwamba swali hili lapaswa kuulizwa, na lapaswa kuulizwa kwa mwenye shamba, si kwa mama watoto peke yake.

Tuanze na hali yetu ilivyo. Mashamba yetu ya Muhoroni, Koru na Songhor yalitokana na mashamba makubwa ya Wazungu yaliyogawanywa katika miaka ya 1960. Kiwanda cha sukari cha Muhoroni kilianza mwaka 1966, na cha Chemelil mwaka 1968, na tangu hapo mua ukawa mfalme. Ulipandwa mpaka ukutani mwa nyumba. Miti ya mipakani ikakatwa ili kuongeza mstari mmoja au miwili ya miwa. Kisha vijana wakaoa, shamba likagawanywa, na kila kipande kikapandwa mua vile vile. Leo mkulima anaweza kuwa na miwa ya kujaza matrekta kadhaa na asiwe na ukuni mmoja wa kuchemshia uji. Mkewe ataamka alfajiri kutafuta kuni mbali, au atanunua furushi sokoni kwa fedha zilizowekwa za daftari za watoto. Mwenye ardhi kununua kuni ni sawa na mvuvi kununua maji ya ziwa.

Ndugu zetu wa pwani ya ziwa, toka Port Victoria mpaka Homa Bay, wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Zamani samaki wengi walianikwa juani. Halafu mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, naye akaongezeka sana baadaye. Mbuta ana mafuta mengi, haanikiki vizuri kama samaki wadogo, basi hukaangwa au kukaushwa kwa moshi. Kwa hivyo samaki mgeni aliingia majini, na miti ikapungua nchi kavu. Naeleza haya kwa sababu watu wengi hudhani kuni ni jambo dogo la jikoni lisilohusu uchumi. Lahusu sana.

Sasa tutazame moto wenyewe. Pale shuleni mwalimu alitueleza kwamba moto wahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na hewa. Kati ya hivyo, hewa ndiyo tunayoinyima mafiga yetu. Twarundika kuni chini kabisa, juu ya majivu ya juzi, hewa haipiti chini yake, moto wafuka badala ya kuwaka. Moshi si kitu kingine ila ni kuni ambazo hazikuungua. Ukiona moshi mzito watoka dirishani, jua kwamba sehemu ya jasho la mama aliyebeba mzigo ule yapotea hewani. Na mafiga yenyewe, hata yakiwaka vyema, hupoteza joto pande zote tatu. Waliopima wasema kwamba katika joto la sehemu 100, sehemu kama 10 mpaka 15 tu ndizo ziingiazo katika chungu. Nyingine zapasha joto ukuta, paka, na miguu ya mpishi.

Jambo la pili ni maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Ukiutia motoni, moto hufanya kwanza kazi ya kuyachemsha maji yaliyo ndani ya ukuni kabla ya kuyachemsha yaliyo ndani ya sufuria. Hapo ndipo macho huwasha na mama hupuliza mpaka kichwa kizunguke. Kuni zikipasuliwa ndogo kiasi cha kifundo cha mkono, zikapangwa chini ya paa ambapo upepo wapita na mvua haifiki, zikakaa miezi mitatu au zaidi, huwaka upesi kwa moshi mdogo. Kazi ya kupasua ni ya shoka, na shoka kwetu ni la mwanaume. Nani ataona haya kuonekana akipasua kuni za nyumba yake? Mimi simwoni sababu.

Majani makavu ya mua na magunzi ya mahindi yafaa kuwashia moto, basi. Ukipika kwayo toka mwanzo mpaka mwisho, mpishi hataondoka hata kidogo, maana huisha mara moja na hutoa moshi mwingi. Mifuko ya plastiki usiitie motoni hata kwa kuwashia. Moshi wake una sumu.

Na moshi wa kuni nao si rafiki, ingawa tumezaliwa ndani yake. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 1 tu, yaani 2020, watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa maradhi yaletwayo na hewa chafu ya majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Moshi hupunguza nguvu ya mapafu kujikinga, na mtoto aliyebebwa mgongoni karibu na jiko huvuta moshi ule ule avutao mama yake. Kichomi cha watoto, kikohozi kisichokwisha cha wazee, maradhi ya moyo, haya yote yana uhusiano nao. Tunapoona bibi mzee wa kijijini ana macho mekundu, hatuulizi ni ugonjwa gani. Twasema ni uzee.

Najua yatakayosemwa kujibu maneno haya, nami siyadharau. Wazee wasema moshi huhifadhi nyasi za paa zisiliwe na mchwa. Hilo ni kweli. Lakini nyumba nyingi za mashamba yetu sasa zina mabati, na bati halili mchwa. Wasema pia moshi huhifadhi mbegu za mahindi zilizoning'inizwa juu ya jiko. Hilo nalo lina ukweli, ila siku hizi kuna magunia yasiyopitisha hewa ambayo huwaua wadudu bila dawa yoyote, na mahindi hayanuki moshi. Tena wasema moshi hufukuza mbu, nasi hapa karibu na ziwa malaria twaijua kuliko mtu yeyote. Mbu mmoja mmoja huenda akaondoka kwa kitambo, lakini watafiti waliochunguza jambo hili hawakupata uthibitisho kwamba moshi wa jikoni humkinga mtu na malaria. Ingekuwa moshi unatosha, Kano isingekuwa na mgonjwa hata mmoja. Kinga ni chandarua kilichotiwa dawa, na mtu alale ndani yake.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali kabisa. Akina mama husema majiko mengine mapya hayastahimili ugali. Ugali hausongwi kwa mchezo. Sufuria ikiteleza, chakula chote chaenda chini na mtoto aweza kuungua. Jiko lolote lililobuniwa na mtu asiyesonga ugali latuhusu kidogo sana. Ndiyo maana napendelea lile jiko la udongo liitwalo Upesi, ambalo wengine huliita Jiko la Maendeleo au Jiko Kisasa. Hilo ni kama chungu kisicho na chini, chenye mlango mmoja wa kutilia kuni na vishikio vitatu vya sufuria kwa ndani. Hufinyangwa na kuchomwa kwa moto kama vyungu vingine, kisha hujengewa jikoni kwa mawe na udongo mpaka likashikamana na sakafu. Halitikisiki. Vikundi vya wanawake wa Nyanza na Magharibi wamelitengeneza kwa miaka mingi, mmojawapo ukiwa ni kikundi cha Keyo upande wa Kisumu, na ufinyanzi ni kazi ambayo mama zetu hawakufundishwa na mgeni. Likijengwa vyema na kutumiwa vyema, laweza kuokoa kuni toka theluthi mpaka karibu nusu.

Juu ya kulijenga, nina neno kwa watu wa nchi tambarare. Udongo wetu mweusi wa Kano haufai. Ukiwa na maji hufura, ukikauka hupasuka kama mguu wa mtu asiyepaka mafuta, na jiko lote hufunguka nyufa. Tafuta udongo wa kichuguu, uuchanganye na mchanga kidogo, nyasi zilizokatwakatwa na samadi, uukande mpaka ushikane, uuache usiku mmoja, ndipo ujenge. Liache jiko likauke pole pole kwa wiki mbili au zaidi kivulini kabla ya kuwasha moto mkubwa. Mwenye haraka atajenga mara mbili. Kila asubuhi zoa majivu yaliyozidi ili hewa ipite, na ukipata vyuma chakavu viwili vitatu, vilaze mlangoni ili kuni ziinuke kidogo toka chini. Pika na kifuniko. Maharagwe na mahindi ya nyoyo yalowekwe toka jioni, maana saa moja ya kulowekwa ni bure, na saa moja ya kuchemsha ni kuni. Tena yakisha kuchemka dakika kadhaa, sufuria yaweza kutolewa motoni ikafunikwa ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, yakaendelea kuiva yenyewe wakati mama yuko shambani. Wengine hucheka wakisikia haya. Wajaribu mara moja.

Lakini nisikudanganye, ndugu yangu, kwamba ukinunua jiko tu mambo yote yamekwisha. Jiko la Upesi halina bomba la moshi. Likitiwa kuni mbichi ndani ya chumba kisicho na dirisha, moshi utabaki humo humo. Kule Malawi watafiti waliwapa maelfu ya familia za vijijini majiko mazuri yenye kipepeo cha kuongeza hewa, nao wakawahesabu watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2016: vichomi havikupungua. Wengine wakalichukua jambo hilo kuwa ni hoja ya kuacha majiko mapya. Mimi naliona vingine. Jiko moja lililo safi kidogo haliwezi kushinda hewa chafu ya nyumba nzima, ya mafiga yanayoendelea kuwashwa kando yake, na ya takataka zichomwazo uani. Kazi yahitaji kufanywa yote: kuni kavu, jiko lipitishalo hewa, na jiko hilo liwe katika jengo lenye madirisha mawili yanayotazamana na nafasi iliyoachwa wazi kati ya ukuta na paa. Mwenye uwezo aongeze kofia ya bati yenye bomba juu ya jiko, litoe moshi nje. Na mtoto mchanga asilazwe jikoni. Makaa nayo, kwa kuwa hayatoi moshi, humdanganya mtu akafunga mlango akalala. Yana hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

Sasa ni zamu ya fedha. Malipo ya miwa yajapo, twajua yanavyogawanywa. Deni la mbolea, karo, labda redio au simu mpya, na kikao kidogo pale centa. Jikoni hupelekwa nyama ya siku ile, basi. Madirisha mawili ya jikoni na jiko moja la kujengewa hugharimu kidogo sana ukilinganisha na vitu tunavyonunua bila kufikiri mara mbili, lakini kwa kuwa mwenye kushika fedha siye mwenye kukohoa, kazi hii husubiri msimu ujao, na ule ujao husubiri mwingine. Katika mikutano ya wakulima nasikia tukijadili bei ya mua mpaka jua linatua. Sijasikia mtu akisimama kusema kuni zimekwisha. Wanawake waliokaa nyuma wanajua, lakini hawakuulizwa. Nawaomba wenyeviti wa vyama vyetu waliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, tena wawape akina mama nafasi ya kwanza kusema.

Kuhusu miti, hakuna haja ya kung'oa mua. Mipaka ya shamba yatosha. Mgrevilea hupandwa mpakani, na matawi yake yakipunguzwa kila mwaka hutoa kuni bila kuukata mti. Siala huchipuka tena baada ya kukatwa, nayo hutoa nguzo za nyumba pia. Mkaratusi hukua upesi, lakini hunywa maji mengi, basi usiupande kando ya mto Nyando wala karibu na chemchemi au kisima. Kwa yule mwenye kipande kilichochoka, kisichozaa mahindi, kuna msesbania, ambao kwetu huitwa asao. Huko Maseno watafiti wa misitu na kilimo waliujaribu katika mashamba ya wakulima tangu miaka ya 1990: ukikaa mwaka mmoja au miwili, hurudisha rutuba katika udongo, na siku ya kuung'oa unapata mahindi mazuri msimu ufuatao na rundo la kuni juu yake. Mbegu zake ni ndogo na rahisi kuotesha kitaluni. Zioteshwe miezi miwili kabla ya mvua ndefu, mashimo yachimbwe Februari, na miche itoke kitaluni mara tu ardhi itakapolowa mwezi wa Machi.