JKT si ajira: Familia za Njombe zipige hesabu upya

MJI wa Makambako umekaa njia panda, na kwa kijana anayetaka kuvaa kombati, kila njia ina kambi mbele yake. Barabara ya Iringa inapita Mafinga, ya Mbeya inamfikisha Itende, na ile ya Songea, ikishaiacha Njombe, inaelekea upande wa Mlale. Ndiyo maana nafasi za kujitolea za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) zinapotangazwa, habari huenea haraka katika vijiji vya mkoa huu.

Tatizo ni kwamba habari inayofika kijijini huwa ni nusu. Nusu nyingine imo ndani ya tangazo lenyewe, na JKT imekuwa ikiirudia mwaka hadi mwaka: jeshi hilo halitoi ajira kwa vijana wa kujitolea, na halihusiki kuwatafutia ajira katika vyombo vya ulinzi na usalama wala mahali pengine. Linachotoa ni mafunzo, ili kijana akimaliza mkataba wake wa miaka miwili aweze kujiajiri.

Wazazi wengi husomewa maneno hayo na bado huuza magunia ya mahindi ili kijana apate nauli, raba, shuka na nguo za kuzuia baridi. Je, ni kwa sababu hawaelewi? Hapana. Wanaelewa vizuri, ila wameona jambo jingine kwa macho yao. Matangazo ya ajira za Jeshi la Wananchi (JWTZ), Polisi, Magereza na Zimamoto kwa miaka kadhaa yamekuwa yakitaka au kutoa kipaumbele kwa waliopitia JKT. Serikali ileile inayosema JKT si ajira, inapofika wakati wa kuajiri huuliza cheti cha JKT kiko wapi.

Hapo ndipo penye utata, na si haki kumlaumu mkulima peke yake. Cheti kile ni tiketi ya kupanga foleni. Foleni ni ndefu, na dirisha hufunguliwa pale bajeti inaporuhusu.

Yaliyotokea Aprili 2021 yanafaa kukumbukwa na kila mzazi. Mkuu wa Majeshi wa wakati ule, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kusitishwa kwa mikataba ya vijana 854 wa JKT ambao walikuwa wameandamana wakidai ajira waliyoamini wameahidiwa. Walikuwa wametumikia, wamejenga, wamesubiri. Jeshini kudai kwa maandamano ni uasi, hata kama kwa raia wa kawaida lingekuwa lalamiko tu. Kijana aliyezoea kikao cha kijiji, ambako kila mtu husimama na kusema lake, anapaswa kulijua hilo kabla hajapanda basi.

Historia ya JKT yenyewe inaonyesha kwamba haikuanzishwa ili kugawa ajira. Ilizinduliwa Julai 10, 1963, vijana wafundishwe ukakamavu, uzalendo na kazi za mikono. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na lilipoundwa jeshi jipya Septemba mwaka huohuo, vijana wa JKT na wa TANU walikuwa chanzo kimoja cha askari wake. Mwaka 1966 serikali iliwalazimisha wasomi nao kwenda, wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana Oktoba, na mamia wakarudishwa makwao.

Kisha ikaja vita. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na katika miezi michache jeshi letu lilivimba hadi zaidi ya watu 100,000, likichukua vijana wa JKT, polisi, magereza na wanamgambo waliotoka moja kwa moja vijijini. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Wanamgambo wengi waliagwa, wakarudi kwenye majembe yao, huku nchi ikiingia katika uhaba wa sabuni, sukari na mafuta ambao wafanyabiashara wa umri mkubwa hawajausahau.

Mwaka 1994 mafunzo yalisimamishwa kwa ukosefu wa fedha. Yakarudi mwaka 2001 kwa wa kujitolea, na mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita kwa mujibu wa sheria. Ukiitazama miaka hiyo utaona kwamba mlango wa JKT umefunguliwa na kufungwa kwa hali ya mpaka na hali ya Hazina. Haukuwahi kufuata msimu wa kuvuna viazi.

Na msimu huo ndio unaomgusa msomaji wa ukurasa huu. Kilimo cha viazi mviringo Njombe ni kazi ya migongo: kupanda, kuinulia, kunyunyiza dawa ya ukungu, kuchimba, kufunga gunia na kulipandisha kwenye lori. Kijana mmoja akiondoka kwa miaka miwili, ama mzazi anaajiri vibarua, ama analima eneo dogo, ama mzigo unamwangukia mama na watoto wa shule. Gharama hiyo haiandikwi popote, kwa hiyo familia hudhani kwamba JKT iliwagharimu nauli na raba tu.

Mkoa huu unalijua pengo hilo kwa muda mrefu. Wakati wa ukoloni vijana wa Kibena na Kikinga walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge, na mashamba ya nyumbani yalibaki kwa wanawake.

Kuna gharama nyingine ambayo mazungumzo ya ajira huipita haraka. Anayeomba mwanawe apokelewe jeshini anaomba pia kwamba siku moja apelekwe penye risasi. Desemba 7, 2017, wanajeshi 14 wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliuawa kambini kwao Semuliki, Kivu Kaskazini. Januari 2025, mapigano ya Goma na Sake yaliondoa uhai wa Watanzania wengine wawili. Hao nao walikuwa watoto wa watu, na naamini wengi wao waliagwa nyumbani kwa furaha siku walipoajiriwa. Sisemi vijana wasiende. Nasema mshahara ule una sababu ya kulipwa.

Halafu wapo matapeli. Nafasi za kujitolea huratibiwa kupitia ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya, na haziuzwi. JKT imeonya mara nyingi kuhusu watu wanaojifanya wana mkubwa wao makao makuu, wakichukua fedha za wazazi. Mkulima ndiye windo lao rahisi, kwa sababu wakati wa mavuno kila mtu anajua kwamba ana fedha mkononi.

Sasa mzazi afanye nini kama kijana ameshapata nafasi? Kwanza amwambie achague fani kambini. JKT hufundisha stadi za kazi, na shirika lake la SUMAJKT, ambalo wakulima wanalikumbuka zaidi kwa matrekta ya mkopo kutoka India, linafanya ujenzi, ulinzi na kilimo. Anayerudi akijua kuchomelea, kufyatua tofali au kutunza ng'ombe wa maziwa ana kazi Makambako hata kama jina lake halitatokea kwenye orodha yoyote.

Pili, shamba lisisubiri majibu ya jeshi. Mche wa parachichi uliobebeshwa, ukipandwa wiki kijana anapoondoka na kutunzwa vizuri, huwa umekaribia kutoa matunda ya kwanza mkataba wake unapomalizika. Msonobari hauna haraka hiyo, lakini nao hukua bila kumsubiri mwenyewe. Palizi la miche michache halimshindi mdogo wake aliyebaki nyumbani, na mahindi au maharage yanaweza kupandwa katikati ya mistari miaka ya mwanzo.

Tatu, na hapa familia nyingi hukosea, kipande hicho kijulikane ni cha nani kabla hajaondoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kuwa na jina la zaidi ya mtu mmoja, na maombi huanzia katika ofisi ya kijiji. Kijana akirudi na cheti cha mafunzo bila ajira, akakuta kaka zake wameshagawana mashamba, atapanda basi la Dar es Salaam wiki hiyohiyo.