Kulenga Shabaha Siyo Ulinzi



Yako maneno ambayo hapa Gungu hayasemwi kwa sauti kubwa, lakini yanasemwa na watu wenye heshima zao: wenye maduka, wenye mitumbwi, hata walei tunaowaamini. Husema hivi: Serikali iko mbali, jambazi yuko karibu, basi vijana wetu na wafundishwe bunduki, kila baba wa nyumba ajue kulenga shabaha, na mwenye uwezo ajipatie silaha yake. Ukiwauliza sababu, hawana haja ya kutafuta jibu. Watakuonyesha ziwa.

Watu hawa hatuwezi kuwajibu kwa kuwaambia wasali na wanyamaze. Hofu yao ni ya kweli, na ina historia ndefu. Mwaka 1965 Che Guevara na Wacuba wenzake walivuka ziwa hili kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo. Mwezi Mei 1975 watu wapatao 40 wenye silaha walivuka kutoka upande ule wa pili, wakaingia Gombe, kilomita chache tu kaskazini yetu, wakawateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa wakichunguza maisha ya sokwe, na kudai fidia. Walikuwa wafuasi wa Laurent Kabila, yule yule aliyekuja kuwa Rais wa Kongo mwaka 1997. Kisha ikaja miaka ya 1990. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993; mwaka 1994 ikawa Rwanda; mwaka 1996 ikawa Zaire. Kila vita iliangusha bunduki ambazo mwenyewe alikufa au alikimbia, na bunduki haiozi kama dagaa. Wanaokumbuka miaka ile wanakumbuka mabasi ya Kibondo na Kasulu yakisindikizwa na polisi wenye silaha, na wavuvi waliorudi Kibirizi na Katonga bila mashine wala nyavu.

(Hapa na tuseme neno moja, kwa kuwa wapo wanaopenda kulisahau. Makumi ya maelfu ya Warundi waliofika Kagunga mwaka 2015 na kuletwa Kigoma na MV Liemba walikuja na watoto, magodoro na kipindupindu. Anayewaita wote majambazi anawanyima haki mara ya pili.)

Basi hatubishani juu ya hatari. Tunabishana juu ya dawa. Nasi twasema waziwazi: dawa inayopendekezwa ni sumu.

Tuanze na mvuvi, maana ndiye anayetajwa kwanza. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, na huwasha taa ili samaki wamjie. Taa ile huonekana kutoka mbali sana. Yeye yumo katikati ya mwanga, mikono yote miwili imeshika wavu, mtumbwi unayumba. Mwizi yumo gizani, amekwisha kumwona muda mrefu, naye ndiye anayechagua saa ya kukaribia. Mpe mvuvi huyo bunduki, mpe na wiki mbili za kulenga shabaha pale palipo na udongo mkavu chini ya miguu. Umempa nini? Umempa mwizi sababu ya kufyatua kwanza badala ya kudai mashine. Leo mvuvi hupoteza mashine na kubaki na roho. Kesho atapoteza vyote viwili, na bunduki itakuwa nyongeza ya ngawira.

Na nyumbani je? Wapo wanaodhani kwamba kupiga risasi ni ufundi kama useremala: ukifundishwa vizuri, mkono hautakosea. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ya Marekani ilitoa taarifa juu ya polisi wa jiji la New York, watu waliofunzwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Katika mapambano ya kurushiana risasi kati ya mwaka 1998 na 2006, risasi zilizompata mlengwa zilikuwa wastani wa 18 katika kila 100. Zilizobaki 82 zilikwenda kwingine. Sasa hebu tuitazame Gungu yetu: nyumba zimekaribiana, kuta za matofali ya udongo, mabati juu, watoto wamelala kwa jirani hatua chache kutoka dirishani. Risasi ya SMG huweza kuua hata baada ya kusafiri zaidi ya kilomita moja. Baba aliyeamshwa usingizini saa nane za usiku, moyo unamwenda mbio, hajui kama anayegonga ni jambazi, ni mwanawe aliyechelewa, au ni jirani anayeomba msaada wa mgonjwa, huyo ndiye tunayetaka kumkabidhi hizo 82?

Mwaka 1993 madaktari wa Marekani, wakiongozwa na Arthur Kellermann, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliouawa majumbani mwao katika wilaya tatu za nchi hiyo. Waliona kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mauaji karibu mara tatu kuliko nyumba isiyo nayo, na wengi wa waliouawa waliuawa na jamaa au mtu waliyemfahamu. Wapenda bunduki wa huko walikasirika sana na kuyapinga mahesabu. Lakini sisi tunaoitwa usiku kusuluhisha ugomvi wa mume na mke katika Jumuiya zetu hatuhitaji daktari wa Marekani kutuambia jambo hili. Ni mara ngapi mmetoka katika nyumba fulani mkimshukuru Mungu kwamba kilichokuwa karibu na mkono wa mume kilikuwa mwiko tu?

Tena bunduki huita wageni. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na raia, wakapora silaha. Kituo cha polisi, chenye askari waliofunzwa, katika jiji kuu la biashara la nchi! Kama silaha iliyolindwa hivyo ilifuatwa na kuporwa, ile itakayofichwa chini ya kitanda cha mwenye duka wa Gungu italindwa na nani?

Tutaambiwa: mbona Taifa lenyewe liliwafundisha raia silaha? Ni kweli, wala hatulionei haya. Baada ya uvamizi wa Guinea mwaka 1970 na mapinduzi ya Idi Amin Januari 1971, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka wananchi wafunzwe kulinda nchi yao. Amin alipoingia Kagera mwaka 1978, wanamgambo kwa makumi ya maelfu waliitwa, wakaenda, na wengine hawakurudi. Tunawaombea. Lakini angalieni vizuri jambo lile lilikuwa nini. Mwanamgambo alifundishwa chini ya Jeshi, kwa muda wa miezi, na kabla ya shabaha alifundishwa kwata, utii na sheria. Bunduki ilitoka ghala la silaha kwa kuandikwa, ikarudi ghalani kwa kuandikwa, na risasi zikahesabiwa. Hakwenda nayo nyumbani kuilaza karibu na mto wake. Kinachopendekezwa leo ni kuchukua shabaha na kuacha daftari.

Hata hivyo, hatutaki kuyapamba mafunzo ya mgambo kupita kiasi. Kijana anafunzwa, anahitimu mbele ya mgeni rasmi, anapigiwa makofi. Kisha anarudi kukaa kijiweni. Mwenye bahati huajiriwa na kampuni ya ulinzi, akakesha mlangoni pa tajiri kwa mshahara usiotosha kulipa chumba. Mwingine hutumwa kufukuza akina mama wanaouza mboga barabarani na kumwaga vikapu vyao. Je, huo ndio ulinzi wa raia? Kumfundisha mtu kutumia silaha na kumwacha na njaa ni dhambi ya jamii nzima, wala si ya kijana peke yake. Sungusungu nao, waliotambuliwa kisheria mwaka 1989, walianza usukumani na unyamwezini kwa mishale na mbiu, wakazuia wizi mwingi wa ng'ombe; lakini mahali pengi walijifanya polisi, hakimu na mnyongaji kwa pamoja, na vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi wanajua walichokipata.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hii asiende mbali. Avuke mpaka tu. Katika vita vya Burundi, serikali ya nchi hiyo iliwafundisha raia silaha na kuwaita walinzi wa amani. Walikuwepo Bururi, Rutana na Ruyigi, mikoa iliyokuwa jirani zetu wakati huo. Jina lilikuwa zuri kweli. Wengi walikuwa vijana maskini wasiolipwa kitu. Wengine hawakuulizwa kama wanataka. Walifundishwa kwa haraka, wakapewa bunduki, wakawekwa mbele ya waasi ili wanajeshi wakae nyuma yao. Kabla ya mwaka 2001 kwisha, shirika la Human Rights Watch lilikuwa limeandika habari zao: wizi, ubakaji na mauaji waliyowatendea watu wale wale waliopaswa kuwalinda. Vita ilipokoma, kazi ya kuzikusanya bunduki mikononi mwa raia ikawa mzigo wa miaka. Rwanda nako, mwaka 1994, maneno ya kujilinda kwa raia yalitumiwa kuwakusanya na kuwapa silaha watu waliokwenda kuwaua majirani zao. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, vikundi vilivyoanza kwa kulinda kijiji vimegeuka vikundi vinavyotoza kijiji.

Kenya inatufundisha jambo jingine, gumu zaidi. Kule Turkana, Baringo na sehemu nyingine za kaskazini, serikali iliwapa bunduki polisi wa akiba, raia wa vijijini wasio na mshahara. Baadhi walilinda kweli; wengine walishukiwa kuzitumia silaha hizo katika wizi wa mifugo na biashara zao. Mwaka 2019 serikali ikazichukua bunduki. Ndipo wananchi wa maeneo yale wakalia kwamba wameachwa uchi mbele ya wezi, na baadaye mpango huo ukarudishwa kwa sura mpya. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu linatukataza sisi Haki na Amani kusema uongo: kuwanyang'anya watu bunduki bila kuwapa ulinzi ni kuwadhulumu. Hoja yetu haisimami kama ziwa litaachwa bila doria.

Wengine hutujia na Maandiko. Husema Nehemia aliwaweka wajenzi wa ukuta na silaha mkononi. Naam, lakini Nehemia alikuwa liwali aliyetumwa na mfalme, na watu wake walisimama kwa zamu, kwa amri, mahali palipojulikana. Husema wanafunzi walikuwa na panga mbili. Tumwangalie basi aliyeufuta upanga wake bustanini: Petro, mtu mwema, mwenye nia njema, aliyeamshwa usiku. Alichopata ni sikio la mtumishi, wala si kiongozi wa kundi, na ilibidi Bwana mwenyewe atengeneze kilichoharibiwa. Mafundisho ya Kanisa hayakatai mtu kujilinda. Yanasema pia kwamba aliyekabidhiwa maisha ya wengine ana wajibu mzito wa kuwalinda, kwa nguvu isiyozidi kipimo. Wajibu huo, katika nchi yenye serikali, una ofisi, una mshahara na una jina la mtu wa kuulizwa.

Tumwulize, basi. Mwaka 1973, majeshi ya Burundi yalipovuka na kuua wanavijiji wa upande wetu, wafanyakazi wa bandari walikataa kuigusa mizigo ya Burundi. Hawakuwa na bunduki hata moja. Walikuwa na umoja na gati. Mwaka huo huo viongozi wa nchi hizo mbili waliketi mezani. Wajukuu wa makuli wale wako Gungu, Bangwe na Ujiji. Je, wameishiwa nguvu kiasi cha kushindwa kusimama katika mkutano wa mtaa na kudai hesabu?

Na hesabu zenyewe ni hizi. Mwenyekiti wa mtaa aeleze ni vijana wangapi wamepata mafunzo ya mgambo, wako wapi, nani huwatuma, na silaha hutunzwa wapi. Diwani aeleze Polisi Wanamaji wana boti ngapi zinazotembea, wala si ngapi zilizoegeshwa, na mafuta ya usiku wa giza hutolewa na nani. Vikundi vya wavuvi vipatiwe namna ya kuita msaada na mtu wa kuitika. Mtu yeyote atakayekuja kutangaza darasa la bunduki mtaani, aulizwe kibali chake, na asipewe ukumbi wa kigango wala kiwanja cha shule. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu silaha bila leseni, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inataka raia wasimiliki kabisa bunduki za kivita. Magobore yanayosemwa kuwa ni ya nguruwe pori tu nayo yamo katika sheria hiyo.

Ipo pia kazi ya kimyakimya, nayo ni ya viongozi wa Jumuiya hasa. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2022, na sharti lake hutangazwa: silaha ipelekwe kituo cha polisi au kwa kiongozi wa Serikali ya Mtaa, ndani ya muda uliowekwa. Wengi huziogopa njia hizo mbili. Kiongozi anayejua nyumba yenye kitu kilichofichwa tangu siku za marehemu babu asiende kumripoti mjane wala kumtisha. Msamaha unapotangazwa, amsomee tangazo lote pamoja na tarehe ya mwisho, na akikubali, afuatane naye mpaka kituoni, mchana, watu wakiona.