Filamu «Halloween Ends» ilihukumiwa vibaya: mji wenyewe ndio uliokuwa mbele ya kamera

Kunako tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 2022, filamu Halloween Ends ilipotoka nchini Marekani, watu waliingia katika majumba ya sinema wakingojea jambo moja tu: Michael Myers, muuaji mwenye kinyago cheupe, apigane kwa mara ya mwisho na Laurie Strode. Wengi walitoka na hasira. Kwa muda mrefu Michael haonekani kabisa. Nafasi yake imechukuliwa na kijana ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, Corey Cunningham. Hasira hiyo ilionekana hata katika feza. Filamu ya kwanza ya mwongozaji huyo huyo, David Gordon Green, ya mwaka 2018, iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani kote. Hii ya tatu ilipita milioni 100 kidogo tu. Mpaka leo, ukiitaja mbele ya wapenzi wa filamu za kisu, zile Waamerika wanaita slasha, utaambiwa kwamba iliharibu kila kitu.

Hukumu hiyo si ya haki. Makosa yapo, na yatatajwa hapa chini. Lakini kati ya filamu zote zilizofuata ile ya mwaka 1978, hii ndiyo iliyoelewa vizuri zaidi mama yake na kumpa heshima.

Kwa wasioijua ile ya kwanza: John Carpenter aliiandika pamoja na Debra Hill, akaiongoza, na muziki akautunga mwenyewe. Gharama yake ilikuwa kiasi cha dola 300,000, jambo dogo sana kwa sinema ya Marekani. Kinyago kilinunuliwa dukani kwa bei ya bure. Kilikuwa sura ya mchezaji William Shatner, wakakipaka rangi nyeupe. Jamie Lee Curtis, aliyecheza Laurie, alikuwa na miaka 19, na mama yake ni Janet Leigh, yule aliyeuawa bafuni katika Psycho ya mwaka 1960. Damu ni kidogo mno, na anayeitazama leo anaweza kushangaa jinsi ilivyo kidogo. Baada ya mafanikio yake wengine wakafuata kwa wingi, Friday the 13th ikiwa kati ya wa kwanza mwaka 1980, na sheria za aina hii ya filamu zikajulikana: kinyago, kisu, vijana wanaokufa mmoja mmoja, na msichana mmoja anayebaki hai.

Ila kuna dakika moja katika filamu ya 1978 ambayo waigaji waliiacha nyuma. Laurie anakimbia, ameumizwa, muuaji yuko nyuma yake. Anafika kwenye mlango wa jirani, anapiga, anapaza sauti, anaomba msaada. Taa ya nje inawaka. Mtu anachungulia dirishani. Halafu taa inazimwa.

Hapo ndipo ilipo hofu ya Carpenter. Michael ni mtu mmoja, lakini mji wa Haddonfield, mji wa kubuni katika jimbo la Illinois, una nyumba nyingi na zote zimefungwa. Waliokuja baadaye walinunua kinyago na kisu, wakamsahau jirani. Green alimrudia. Katika Halloween Kills ya mwaka 2021 alionyesha wakaaji wa Haddonfield wakijaa hospitalini, wakimfukuza mtu waliyedhani ni Michael. Hakuwa yeye. Maskini yule aliruka dirishani akafa. Katika Halloween Ends jirani aliyezima taa amekuwa ndiye hadithi yenyewe.

Usiku wa Halloween wa mwaka 2019, Corey ameajiriwa kumlinda mtoto wakati wazazi wake wako kwenye sherehe. Mtoto anamtania, anamfungia katika chumba cha juu. Corey anashikwa na woga, anaupiga mlango kwa nguvu, mlango unafunguka na kumgonga mtoto, naye anaanguka kutoka juu ya ngazi mpaka chini. Wazazi wanaingia wakati huo huo. Sheria ilimwachilia Corey, mji haukumwachilia. Miaka mitatu baadaye anafanya kazi katika uwanja wa magari mabovu wa baba yake wa kambo, na vijana wadogo wanamtukana barabarani. Laurie naye, ambaye binti yake aliuawa na Michael, anasimamishwa mbele ya duka na mwanamke anayemwambia kwamba ni yeye aliyemchokoza muuaji. Aliyeumizwa ndiye anayelaumiwa!

Baada ya hapo Corey anatupwa kutoka juu ya daraja na vijana wale, na anajikuta katika njia ya maji machafu ambamo Michael amejificha, mzee, amechoka, karibu kuoza. Michael anamshika shingo, anamtazama machoni, anamwacha aende. Watu wengi walicheka hapo. Wakasema ni uchawi usioelezwa. Lakini je, Michael wa 1978 alielezwa? Nguvu yake yote ilikuwa katika kutoelezwa. Hata katika orodha ya wachezaji hakupewa jina lake; aliandikwa kama umbo tu. Corey anapokivaa kinyago kile, filamu inasema wazi kitu ambacho ile ya kwanza ilikigusa kidogo: kinyago ni kitupu, na mji unaotafuta shetani kila siku mwishowe utapata mtu wa kukivaa.

Mwenye macho ataona pia salamu ndogo ndogo zilizotawanywa kwa upendo. Mwaka 1978 watoto walikuwa wakitazama kwenye televisheni filamu ya zamani ya mwaka 1951, The Thing from Another World. Mwaka 2022 Corey na mtoto wanatazama The Thing, ile ambayo Carpenter mwenyewe aliitengeneza mwaka 1982 kutokana na hadithi hiyo. Jina Cunningham linatoka kwa kijana Arnie wa Christine, filamu nyingine ya Carpenter, na Arnie pia anaanza kama kijana anayeonewa. Herufi za kichwa cha filamu zinakumbusha Halloween III ya mwaka 1982, ile iliyothubutu kumwacha Michael nje kabisa na ikatukanwa vivyo hivyo, mpaka Michael akarudishwa mwaka 1988. Green alijua anakoelekea.

Sasa makosa. Mapenzi ya Corey na Allyson, mjukuu wa Laurie, yanaiva kwa siku chache mno. Hakuna anayeweza kuamini kwamba muuguzi mwenye akili yake angeacha kila kitu upesi hivyo. Pigano la mwisho jikoni, ingawa limechezwa vizuri, linafika kama mgeni aliyechelewa, baada ya Corey kuondolewa kwa haraka. Aliyelipa tiketi kwa ajili ya Michael ana sababu ya kunung'unika.

Kuna swali lingine, zito kuliko hayo yote. Mtu aliyekimbia mapigano Kivu, aliyesikia risasi za kweli, ana haki ya kuuliza: damu ya rangi ina faida gani kwangu? Asilazimishwe na mtu yeyote. Na filamu hii isionyeshwe mbele ya watoto, hata kama simu ni ya mkubwa na mtoto anachungulia begani tu. Lakini sehemu yake kubwa haisimulii usiku wa kuuawa. Inasimulia miaka inayofuata: mtu aliyebaki hai anapotaka kununua vitu dukani kama wengine, na macho yanamfuata. Familia iliyofika mahali pageni inayajua macho hayo. Kitu kikiibiwa mtaani, wanaotazamwa kwanza ni wale waliofika juzi. Sinema za Hollywood zinazogusa jambo hilo ni chache, na chache zaidi zinaligusa zikiwa na muuaji mwenye kisu ndani.

Mwisho wake ndio unaolipa deni la ile taa. Michael akishakufa, mwili wake unafungwa juu ya gari na kupelekwa polepole mjini, na wakaaji wa Haddonfield wanatoka majumbani na kulifuata mpaka kwenye uwanja wa magari mabovu, ambapo mashine ya kusaga vyuma inangoja. Katika filamu za kisu msichana humaliza kazi peke yake. Hapa milango imefunguliwa, watu wamesimama nje usiku, wote, wakitazama Laurie akiusukuma mwili ule ndani ya mashine.