Kijiko kinatosha, risasi ya betri iachwe

Mwaka 1936 mvuvi wa Ufini, Lauri Rapala, alichonga kipande cha koki kwa kisu cha fundi viatu, akakipiga msasa, akakivika karatasi ya chokoleti inayong'aa, kisha akakipaka filamu za picha alizoziyeyusha ili maji yasipenye. Alikuwa ameona ziwani kwamba samaki wakubwa humkimbilia mdogo anayeogelea kwa kuyumba. Leo chambo bandia chenye jina lake kinauzwa duniani kote.

Wavuvi wanaorusha mshipi kutoka mwambani katika pwani yetu wana kila sababu ya kujitengenezea chambo. Cha dukani ni ghali, na kikinasa kwenye mwamba ndiyo basi tena. Kijiko cha stenlesi kikikatwa mpini, kikatobolewa matundu mawili na kufungwa pete na ndoana, kinaweza kabisa kumshawishi kolekole au mzia.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Chambo hakijawa chambo mpaka kijaribiwe, tena katika maji ya bahari. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bomba kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo kipande cha mti kinachozama polepole kwenye ndoo nyumbani kinaweza kuelea baharini. Maji yakipwa, vidimbwi vinavyobaki kati ya miamba ndiyo mahali pa kufanyia kazi hiyo. Mvuvi avute taratibu, kisha aongeze kasi, macho yasibanduke. Kijiko kizuri huyumba huku na huku, kikimeta upande mmoja, kisha wa pili. Kikizunguka mfululizo kitausokota mshipi mpaka ujae mafundo. Mara nyingi dawa ni kuupunguza mkunjo wake kwa nyundo, kidogo kidogo, na kurudi kidimbwini kukijaribu tena.

Pete nazo zivutwe kwa koleo, bila huruma. Pete dhaifu ikifunguka wakati wa kurusha, ndoana huangukia ufukweni ambako watoto hupita pekupeku.

Tatizo kubwa ni uzito. Upepo wa kusi ukivuma usoni, kijiko chepesi hakifiki mbali, na ndipo mtu anapofikiria kuvunja betri chakavu ya gari, kuyeyusha risasi yake kwenye sufuria jikoni na kumimina chubwi au chambo kizito. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, moto wa mkaa unatosha. Lakini vumbi na moshi wake hubaki nyumbani, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi, kwa sababu madini hayo hudhuru ubongo unaokua.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani yao kiliwadhuru kwa sumu hiyo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha hukumu hiyo. Uingereza nayo ilizuia tangu 1987 uuzaji wa chubwi nyingi ndogo za risasi, kwa sababu ndege wa majini walizimeza wakafa.

Bolti ya chuma iliyobanwa ndani ya kipande cha bomba la shaba huongeza uzito bila risasi. Ni kweli kwamba chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo chambo chenye uzito uleule huwa kinene zaidi na huzama polepole. Kwenye maji mafupi ya mwamba hiyo ni faida, kwani mvuvi hupata nafasi ya kukivuta kabla hakijanasa.

Vikundi vya usimamizi wa fukwe vilizungumze jambo hili katika mikutano yao, na mafundi wazoefu wawaonyeshe vijana namna ya kukata kijiko na kukijaribu kidimbwini. Aliyekwisha kuyeyusha risasi katika sufuria, asiipikie tena chakula.