Mstari kwenye jeli usikudanganye

Juzi nimerudi kampasi kutoka nyumbani Ngokolo, Shinyanga, na leo nina la moyoni.

Muhula uliopita mradi wangu ulikuwa kupachika kipande cha DNA, jozi 550 za besi, ndani ya plasmidi. Unachanganya na kimeng'enya cha ligasi, unasubiri. Vimeungana? Kwa macho huoni kitu. Nikapima kwa PCR: praima moja inashika kwenye plasmidi, nyingine ndani ya kipande. Visipoungana, hupati kitu. Nilitegemea 700, na mstari ukatokea palepale. Jamani, nilishangilia!

Tulikuwa tumebakiwa na mirija miwili tu ya bakteria. Mmoja nikaupa plasmidi nzima, mwingine DNA yangu. Kesho yake sahani ya kwanza imejaa koloni, yangu tupu. Bakteria wameisha, muhula nao umeisha.

Likizo nikamsimulia kaka, mchimbaji mdogo kule Geita. Akacheka: "Mdogo wangu, sisi jiwe likimeta hatushangilii. Tunalisaga, tunaosha, ndio tunajua."

Kweli bwana. PCR inazidisha hata molekuli chache mno, kwa hiyo mstari mnene hausemi zimeungana ngapi. Pia praima zangu zilipima kiungo kimoja tu. Upande wa pili ukibaki wazi duara halijafungwa, na bakteria huikatakata DNA ya namna hiyo. Kibaya zaidi, sikuweka mrija usio na ligasi kwa ajili ya kulinganisha. Nilibana matumizi, nikapoteza vyote.

Wapo wanaosema PCR hapa ni kupoteza muda, wape bakteria moja kwa moja. Mimi nakataa. Kwa maabara yenye friza kubwa iliyojaa, sawa. Sisi ambao bakteria tunawahesabu mmoja mmoja, saa mbili tatu za PCR ni akiba. Ila pima viungo vyote viwili, punguza makali ya mchanganyiko kwa maji kwanza maana chumvi zake huweza kuizuia PCR, na weka mrija usio na ligasi. Huo nao ukitoa mstari, ujue unadanganywa.

Na hata hapo usiandike "imefaulu" kwenye ripoti. Subiri koloni, toa plasmidi, ikate, isome herufi zake. Ndipo ushangilie.

Jumatatu naanza upya. Niombeeni umeme usikatike.